Mwalimu Aliyetaka Kuona Upande wa Nyuma

Mwalimu alizaliwa wapi, ukoo wake upi, mume alikuwa nani na alipotelea wapi, hayo waulize majirani wengine. Hapa mtaani kwetu Hai Mauna, Juba, hawakosekani watu wa kukueleza ukoo wa mtu hata kama umekuja tu kuomba kiberiti. Mimi nitasema ninayoyajua mwenyewe, na mengi niliyajua kupitia ukuta wa mabati uliotenganisha ua wake na wangu.

Mgeni akipita nje ya ukuta huo asubuhi alidhani kuna shule ndogo humo ndani. Alisikia majina yakiitwa. Alisikia mtu akiulizwa kwa nini hajafanya kazi, na mwingine akiambiwa asimame nje. Lakini ukichungulia hukuti mtoto hata mmoja. Unamkuta Mwalimu peke yake kwenye kiti cha plastiki, ameiweka simu karibu na mdomo kama mtu anayetaka kuing'ata. Alikuwa amefundisha miaka mingi kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, na alipostaafu inaelekea hakuna aliyemwambia kwamba kustaafu maana yake ni kuacha.

Shule yake ilikuwa ndani ya simu, na wanafunzi wake walikuwa wanawake wazima, wengine wana wajukuu, waliopenda kutarizi milaya. Kama hujui milaya, basi hujawahi kukaribishwa vizuri Juba. Ni shuka lililotariziwa maua na ndege kwa mkono, pindo lake limesukwa kwa uzi mpaka linafanana na povu. Akija mgeni wa maana, milaya nzuri inatandikwa kitandani kabla hajakaa. Akija mgeni kama mimi, anageuziwa ndoo.

Na mimi nilikuwa mwanamume pekee katika darasa hilo. Nitaeleza ilikuwaje, ingawa haitanisaidia.

Kazi yangu ni kuchaji simu za watu kwa sola, nyumbani kwangu. Niliichagua kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyoiona ambayo mteja anatembea na mwenye kazi amekaa. Siku moja Mwalimu alileta simu yake, akaona kwenye yangu picha ya milaya ambayo mwanamke fulani tusiyemjua ameiweka mtandaoni. Watu walikuwa wamemwandikia "nzuri sana" na kumwagia mioyo. Mwalimu aliikuza picha mpaka petali moja ikajaa kioo kizima.

"Mwandikie," aliniambia.

"Nimwandikie nini?"

"Geuza."

"Ageuze nini, Mwalimu?"

"Yeye anajua."

Na kweli alijua. Muda si mrefu yule mwanamke akatuma picha ya upande wa nyuma: mafundo matupu, nyuzi zimekatiza huku na kule kama nyaya za majirani wanaochangia jenereta moja. Chini yake ameandika, "Malesh, samahani mama, nilikuwa na haraka." Hapo watu wakaanza kubishana. Wengine walisema nyuma haionekani, ya nini kuisumbua. Wengine, bila kuulizwa, wakatuma za kwao zimegeuzwa. Kabla betri ya Mwalimu haijajaa, nilikuwa nimeamriwa kufungua grupu.

Tuliliendesha kwa Kiswahili. Kiarabu cha Juba kiliwashinda Waganda, Kiingereza kiliwashinda wengi, na Kiswahili kilitushinda wote sawasawa, kwa hiyo kilikuwa cha haki. Mwalimu tu ndiye aliyekuwa na Kiswahili cha vitabu, alichokiokota kwa walimu wenzake Wakenya, na hata akigombana na mbuzi alimgombeza kwa sentensi zilizokamilika.

Kanuni zilikuwa chache na kali. Kila asubuhi majina yanaitwa, na kila mtu anatuma alichotarizi jana, mbele na nyuma. Hakuna kutuma maombi ya kusambaza kwa watu kumi. Hakuna kutangaza biashara. Aliyekosea anasimama nje, yaani mimi kama admini namtoa kwenye grupu, na jua likizama namrudisha.

Aliyesimama nje kuliko wote alikuwa Mganda mmoja anayekaanga chapati mtaa wa Atlabara, karibu na chuo, ambaye sote tulimwita Mama Chapati. Hakuweza kupitisha siku bila kutupigia picha chapati zake. Akishatolewa alinipigia mimi.

"Kijana ya simu, mimi iko nje tena?"

"Uko nje, Mama Chapati."

"Sasa nani itaonea mimi huruma? Rudisha mimi pole pole, yeye haoni."

Na Jumamosi Mwalimu huyohuyo alimwagiza chapati, zikaletwa na boda zikiwa bado moto. Alikula huku akimtumia ujumbe wa kumkumbusha kwamba grupu si soko.

Kanuni moja ilikuwa juu ya zote: sindano ya mtu isiingie kwenye kitambaa cha mwingine. Binti mmoja mwanafunzi wa chuo, anayekaa Atlabara, alimpa shangazi yake ammalizie kasuku kwa sababu alikuwa na mtihani. Mbele kasuku alipendeza. Mwalimu akasema geuza, akaikuza picha, kisha akauliza, "Huyu ndege kichwa chake kimetoka kwa nani?" Mkono ulikuwa umebadilika shingoni. Binti alisimama nje wiki nzima, na alipotaka kujitetea Mwalimu alimwambia, "Ningekupenda na kasuku asiye na kichwa, mradi ni wako."

Neno lake la geuza halikukaa kwenye vitambaa tu. Sokoni aligeuza nyanya zote mpaka wauzaji wakawa wanaziinua wenyewe wakimwona anakuja. Mzee mmoja nadhifu alianza kumtembelea jioni na viatu vilivyong'aa. Mwalimu alimwomba ainue mguu, akaziangalia soli, na mzee hakurudi tena. Siku alipoingia kwangu mara ya kwanza aliona cheti changu cha sekondari kimetundikwa ukutani. Alikishusha, akakigeuza.

"Nyuma hakuna kitu," alisema.

"Cheti hakina nyuma, Mwalimu."

"Ndiyo maana uko hapa."

Kutarizi alinianzisha hivyohivyo, kwa kunionea. Aliniambia darasa lake halina mtazamaji, akanipa fremu ya mbao, sindano na kipande cha shuka kuukuu. Nikachagua tausi, kwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kushika sindano. Baada ya miezi kadhaa tausi wangu alifanana na kuku aliyetoka kuumwa malaria. Nilimtuma kwenye grupu, Mama Chapati akauliza kama anauzwa akiwa hai.

Yeye mwenyewe, Mwalimu, hakuwahi kututumia picha ya kazi yake. Lakini mimi niliijua. Alikuwa na milaya moja aliyoianza makazini Uganda, akarudi nayo imeviringishwa ndani ya godoro. Kona tatu zilikuwa zimejaa maua mekundu na majani ambayo ungetaka kuyanyunyizia maji. Kona ya nne ilikuwa tupu, ina mistari ya penseli tu. Hakuwahi kuitandika. Milaya ambayo haijaisha haitandikwi, alisema, na hata askofu angekuja angekaa kwenye plastiki.

"Siku nitakayoimaliza ndiyo nitakayoitandika," aliniambia. "Na nitaimaliza mimi."

Shida ilikuwa macho. Yalikuwa yanafungwa taratibu, kama duka ambalo mwenyewe hataki wateja wajue. Daktari alikuwa ameshamwambia ni matone tu, na matone yanachelewesha, hayarudishi kitu. Yeye alidhani siri hiyo ni yake na daktari. Siku moja niliona anasimama mbele ya pipa langu la maji.

"Kijana, mbona umenuna leo?"

Pipa halikujibu. Ilibidi nichutame nyuma yake na kusema, "Nimechoka tu, Mwalimu," na tukazungumza vizuri, mimi, yeye na pipa, mpaka akaridhika akaenda zake.

Kwenye grupu alitangaza ghafla kwamba kuandika ni uvivu. Kuanzia siku ile ni sauti tu. Watu waliitikia kwa sauti, na nadhani hakuna hata mmoja ambaye hakuelewa. Picha bado alizitaka. Aliweza kukuza ua moja mpaka likawa kubwa kama sinia, akalipitia kidogo kidogo, jicho moja limefumbwa. Kitambaa cha mkononi hakikuziki. Mara nyingine nilimsikia upande wa pili wa mabati akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, kama anavyohesabiwa mtoto anayetaka kuruka mtaro, kisha kimya, kisha anaanza tena moja. Nilipojitolea kumtungia aliniuliza kama nimekosa simu za kuchaji.

Basi tukafungua grupu jingine, tukaliita Bila Mwalimu, na humo nikawasimulia habari za kona ya nne. Mjumbe aliyeanzisha hoja alikuwa mama mmoja wa kule bandarini, anayeuza samaki wakavu wanaoshushwa kwenye majahazi ya mto, mwanamke wa sauti nzito na maua madogo sana. Alisema ni dhambi tuliofundishwa kukaa tunaangalia kona ile ikibaki tupu. Binti wa Atlabara akapendekeza tumwombe atuachie, kila mtu atarizi petali moja. Mama wa bandarini akamuuliza kama amesahau kichwa cha kasuku. Tulizunguka hapo siku kadhaa.

Sasa, asubuhi moja Mwalimu alikuja kwangu kuchukua simu. Ukuta wangu hauna kivuli, kwa hiyo nilimgeuzia ndoo ndani, nikampa chai, naye akafungua simu kusikiliza sauti za watu kabla ya kuita majina. Ikaja sauti ya Mama Chapati. Alikuwa amekosea grupu.

"Nyinyi watu mnaogopa bure," alisema Mama Chapati, na nyuma yake mafuta yanachemka. "Mwalimu macho yake iko kwisha. Juzi mimi natuma picha ya chapati, yeye anasema hii ua ni duara nzuri, rangi imeiva vizuri. Sasa kijana ya simu iko jirani. Yeye achukue hiyo milaya pole pole, alete huku, tumalize hiyo kona, turudishe. Mwalimu hatajua."

Chai yangu ilinikwama mahali ambapo chai haipiti. Mwalimu alibonyeza, akasikiliza mara ya pili mpaka mwisho. Kisha aliiweka simu magotini mwangu.

"Watoe," alisema.

"Mama Chapati?"

"Wote. Nisomee majina unavyowatoa."

Nilianza. Kila jina nililolisoma alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayefunga kifungo. Nilitumaini mtandao utakatika. Mtandao wa Juba, ambao hukatika ukitaka kumsalimia mama yako, siku hiyo ulikaa imara. Walipoisha nikamwambia, "Kalas, Mwalimu, wameisha."

"Bado mmoja."

Nikajitoa. Akanywa chai yangu yote, akashukuru, akaondoka akigusa ukuta.

Asubuhi iliyofuata nikasikia majina yakiitwa. Nilidhani amewarudisha, nikaangalia simu: hakuna kitu. Grupu lilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anaita majina. Aliita, akangoja kiasi cha mtu kuitikia, akaita jingine. Kesho yake tena. Akaita na langu. Nusura niitikie kupitia mabati, lakini sikujua kama aliyetolewa nje anaruhusiwa. Simu yake aliendelea kuileta kuchaji. Aliipitisha juu ya ukuta kwenye mfuko wa plastiki, kama anayemlisha mbwa asiyemwamini.

Nikayapeleka hayo kwenye Bila Mwalimu, na binti wa Atlabara akatuma sauti.

"Lakini jamani, adhabu yake ni kusimama nje. Sisi tumesimama nje wapi? Kila mtu yuko kwake amekaa. Twendeni tukasimame."

Mimi nilishauri tutume sauti kwanza, au zawadi kwa boda, au jambo lolote ambalo halihitaji viatu. Hawakunisikiliza.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, mvua imenyesha, barabara imekuwa uji. Tukumbuke kwamba hawa walikuwa hawajawahi kuonana. Walijuana kwa maua. Boda ya kwanza ilimshusha mwanamke mnene, ya pili mrefu, ya tatu binti mwenye miwani, wakasimama mbele ya lango la Mwalimu wakiangaliana kwa mashaka, kila mmoja akidhani mwenzake amekuja kudai kitu. Nilitoka kuwatambulisha, nikagundua hata mimi siwajui. Ndipo mama wa bandarini akafungua mkoba wake akatoa kitambaa chenye maua madogo kama mchele. Wote wakapiga kelele ya chini.

"Ah, kumbe ni wewe, maua ya sisimizi?"

"Na wewe ni nani?"

"Kasuku."

"Yule wa vichwa viwili?"

"Ndiyo, mama, yule."

Mama Chapati alikuja wa mwisho, amejificha nyuma ya sufuria iliyofunikwa. Hakuna aliyehitaji kuona ua lake, alinukia.

Ndani ya ua, kiti cha plastiki kililia.

"Nani huko?"

Tukasukumana. Mwisho mama wa bandarini akasema, "Ni sisi, Mwalimu. Tumesimama nje."

Nilisikia boda iliyobaki ikizima injini ili isikie vizuri. Halafu Mwalimu akaanza kuita majina.

Sisi tuliokuwa na macho tulikuwa tumehitaji vitambaa ili tutambuane. Yeye hakuhitaji kitu. Kila aliyeitikia alimjua kwa neno moja, na akamwongezea lake: wewe una mafua, wewe umeanza kula vizuri, wewe ule uzi wa bluu ulishaununua? Alinijua na mimi, akaniuliza kama miguu inauma kwa safari. Akabaki mmoja.

"Yule wa chapati yupo?"

"Mimi iko, Mwalimu."

"Ile picha ilikuwa chapati?"

"Ilikuwa chapati. Samahani, Mwalimu."

"Ilikuwa mbichi katikati."

Mama Chapati alifikiri. "Ni kweli," alisema. "Ile moto ilikuwa kidogo."

"Ingieni. Panguseni miguu."

Tuliingia tukajaa ua mzima. Hakukuwa na milaya iliyotandikwa, kwa hiyo walikaa kwenye ndoo, madumu na mawe. Mama wa bandarini hakukaa. Alichomoa kwenye kilemba chake kipande cha kitambaa kilichochomekwa sindano, kila moja imetungwa uzi tayari, nyekundu upande huu, kijani upande ule, za kutosha bustani.

"Hatugusi kitambaa chako," alisema. "Tumetunga tu. Zikiisha tutaleta nyingine."

Mwalimu alizipitishia kidole, moja moja. Kisha akanigeukia mimi, na safari hii ni mimi kweli, si pipa.

"Kanuni inasema nini?"

"Inasema sindano ya mtu isiingie kwenye kitambaa cha mwingine."

"Hizi sindano ni za nani?"

Mama Chapati ndiye aliyejibu, mdomo umejaa. "Sisi tumepa wewe. Sasa iko yako."

Mwalimu alikaa na jibu hilo muda mrefu. Alilipindua huku na huku, nilimwona, akilitafuta fundo. Kisha akaingia chumbani akatoka na milaya imeviringishwa. Aliikunjua magotini mpaka kona iliyojaa ikalala kando ya kona tupu, na hakuitazama hata kidogo. Mkono wa kushoto ukasoma ua lililokwisha, petali kwa petali, na wa kulia ukachomeka sindano ya kwanza.

"Grupu," aliniambia bila kuinua uso. "Mtakaa nje mpaka lini? Rudisha watu."

Sindano ziliendelea kuja na boda, zimechomekwa kwenye vipande vya shuka, mara nyingine zinanukia samaki, mara nyingine zina mafuta ya chapati. Majina yaliitwa kila asubuhi. Mama Chapati alisimama nje kama kawaida.

Mvua zilipoisha, aliniita kupitia mabati. Nilikuta mlango wa chumba umefunguliwa na milaya imetandikwa kitandani, kona zote nne, inang'aa mpaka chumba kilionekana kidogo. Nikataka kukaa.

"Si wewe," alisema. "Ndoo yako iko palepale."

Nikakaa kwenye ndoo, nikaiangalia kona ya nne. Ua lake lilikuwa limeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza maneno ya ukuta wa pili. Miaka yote niliyomjua nilikuwa nangoja nafasi hiyo moja.

"Geuza," nikamwambia.

Nikajuta papo hapo. Kisha akaikamata kona ile, akaipindua juu ya kitanda, akanisogezea.

"Tafuta fundo."

Nilitafuta. Nilitafuta kwa macho, nikatafuta kwa kidole kama alivyofanya yeye, na ninakiri niliweka nia. Hakukuwa na fundo hata moja. Nyuma ile ungeweza kuitandika juu.

"Na yako iko wapi?" akauliza.

Nikaenda kumleta tausi, ambaye kufikia wakati huo alikuwa na mkia. Mwalimu hakujisumbua kumpeleka kwenye mwanga. Alimpitishia vidole kichwani, mgongoni, miguuni.

"Kuku huyu anaumwa nini?"

"Ni tausi, Mwalimu."

"Geuza."

Nikamgeuza. Alipapasa huko nyuma kwa muda mrefu, akienda anasimama, anarudi, anaenda tena, kama mtu anayepita barabara ya kwetu gizani. Nilianza kutumaini kwamba kuna jambo zuri amelikuta.

"Simama nje," alisema.

Nikasimama nje ya lango na tausi wangu mkononi, nikiwasalimu wapita njia. Alinisahau pale mpaka jua likazama, au alijifanya kunisahau. Sikulalamika. Kwa mtu wa nyumbani kama mimi, ilikuwa ndiyo safari yangu ndefu kuliko zote mwezi ule.